Nani aliupa mpira mkia?

Kosa lenyewe ni hili: kuchukua jedwali moja la ovadraivu, ile volteji ya ziada inayoharakisha picha ya runinga, lililopimwa kwenye chumba chenye nyuzi 25, na kulipeleka dunia nzima. Sisemi ni bahati mbaya. Naamini kuna mtu aliyepiga hesabu ya kihisi joto kimoja, akaona bora akiache.

Runinga ninayoisema ni ya inchi 43, na jina la kampuni nalihifadhi. Nimeitazama sehemu mbili. Kwanza ilikuwa kwenye kibanda umiza jirani na Msamvu, hapa Morogoro, saa tisa alasiri, juu bati tupu, feni inapuliza moto. Winga akikata kuingia ndani, mgongoni anafuatwa na mzuka mweupe, kama vile jezi imetoka mwilini na kuchelewa kurudi. Baadaye mwenye nayo akahamia kwao Nyandira, Mgeta, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari ambayo mji wetu hauna. Julai ile nikapanda kumtembelea. Mzuka hakuna, lakini mpira sasa una mkia kama kimondo. Paneli ni ileile na menyu hakuna aliyeigusa. Kilichobadilika ni joto tu.

Mnaofuatilia safu hii hesabu mnaijua: muda wa molekuli ya fuwele kimiminika, ile ya LCD, kurejea mahali pake hulingana na mnato wa mzunguko, mara mraba wa pengo la seli, gawanya kwa unyumbufu. Pengo halibadiliki ukipanda Uluguru. Mnato ndio unaobadilika, na unapanda kwa kasi kila joto linaposhuka. Asali ya Nyandira asubuhi haimwagiki kama asali ya Msamvu mchana. Sasa ovadraivu inafanya nini? Ikitaka kijivu fulani inapiga volteji iliyozidi kwa fremu moja, kisha inarudi kwenye volteji ya haki. Kipigo hicho kimepimwa kwa asali ya maabara. Kikikuta nyepesi kuliko hiyo, kinapitiliza na unapata mzuka. Kikikuta nzito hakifiki, na huo ndio mkia wa Nyandira. Majedwali mawili zaidi na kihisi kimoja vingemaliza kesi, na runinga zinazofanya hivyo zipo. Hii ni sawa na kocha mwenye winga mzito anayedhani dawa yake ni kumpigia kelele, tena kelele ileile mvua ikinyesha na jua likiwaka.

Na kuna pale ambapo hata kelele haisaidii. Molekuli inaporudi hadi volteji sifuri, huwezi kushusha chini ya hapo. Inaachiwa unyumbufu wake, na inarudi kwa mwendo ambao mkemia aliipa siku alipoiunda. Ndiyo maana kila nikiona "ms 1" kwenye boksi nacheka. Hiyo ni kijivu kwa kijivu, tena mpito uliochaguliwa kwa sababu unapendeza. Nimelisema hili mpaka wajukuu wananikatiza, na bado sijamaliza.

Linganisheni na mkemia George Gray wa Chuo Kikuu cha Hull. Mapema miaka ya 1970 fuwele kimiminika zilizokuwapo zilikuwa zinaharibika kwa unyevu na mwanga. Gray hakuomba saketi imfichie aibu. Alikwenda kwenye molekuli yenyewe, akaunganisha pete mbili za benzini moja kwa moja, akaondoa kile kiungo dhaifu cha katikati, na mwaka 1973 dunia ikapata 5CB. Peke yake ilikuwa nematiki, hali inayohitajika kwenye skrini, kati ya nyuzi 22 na 35 hivi, yaani Nyandira ingeganda. Peter Raynes wa maabara ya Malvern akachanganya ndugu zake kadhaa, ikatoka E7, inayofanya kazi kutoka nyuzi 10 chini ya sifuri hadi karibu 60. Baridi na joto vilikuwa ndani ya hesabu tangu mwanzo, wakati wenyewe walikuwa wanahangaika na saa na kikokotoo. Nakubali, E7 kwa runinga ya leo ni nzito, na kundi lake la siano huvuta ayoni.

Walioweka florini mahali pa siano, na mikia ya alkenili ya kupunguza mnato, walifanya kazi safi.

Na fuwele za awamu ya buluu je? Samsung walionyesha paneli yake ya inchi 15 mwaka 2008, ikaelezwa kwamba inakwenda Hz 240, na volteji iliyokuwa ikidaiwa ikaizuia kufika dukani. Ule ndio usajili ambao sijasamehe. Na runinga ya chogo, ambayo vijana mnaicheka, haikuwa na molekuli ya kungoja izunguke: fosfori iliwaka, ikafifia, mpira ukabaki mpira.

Kejeli ni kwamba Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Praha, mwaka 1888 alizikuta tabia za fuwele kimiminika kwenye benzoati ya kolesteroli aliyoitoa kwenye karoti. Mgeta wanalima karoti.

Mwenye runinga, ambaye hajui ovadraivu ni nini, ameshapata tiba. Mechi ikiwa saa nne usiku, yeye anawasha saa mbili, na taa za nyuma zinaipasha paneli. Mkewe anamwambia anamaliza Luku bure. Nilipofika mara ya mwisho nikamsikia akijibu toka uani: "Mama, ngoja kwanza ipate moto, mpira hautakimbia."