Pigo Lililohama Kutoka Mkononi Hadi Mguuni

Mwaka 2009 santuri moja ndogo ya inchi saba iliuzwa Uingereza kwa pauni 25,742. Wimbo ni "Do I Love You (Indeed I Do)", mwimbaji ni Frank Wilson, mwaka ni 1965, na lebo ni Soul, tawi la kampuni ya Motown. Bei hiyo haikutokana na uzuri wa wimbo peke yake, ingawa ni mzuri kweli. Nakala za awali zinazojulikana zinahesabika kwa vidole, maana zilichapwa chache kisha mpango wa kuitoa ukafutwa. Inasimuliwa kwamba Berry Gordy, mwenye Motown, alimtaka Wilson achague moja: aimbe, au atayarishe nyimbo za wenzake. Akachagua kukaa nyuma ya kioo cha studio.

Mwaka 1972 huyo huyo Wilson, akishirikiana na Leonard Caston, alitayarisha "Girl You Need a Change of Mind" ya Eddie Kendricks, wimbo wa dakika saba na nusu ambao waandishi wengi wa historia ya disko huuweka miongoni mwa nyimbo za mwanzo kabisa za mtindo huo. Kwa hiyo mkono mmoja umo katika santuri inayotukuzwa kuliko zote na mashabiki wa Northern Soul, na umo pia katika msingi wa disko, muziki ambao wengi wa mashabiki hao waliuona kuwa adui. Ukizisikiliza nyimbo hizo mbili kwa zamu, unaweza kusikia ni kitu gani hasa kilichohamishwa katikati.

Kwa asiyeujua mkasa huu: Northern Soul haikutungwa na Wamarekani kama mtindo. Wamarekani walitunga soul tu. Vijana wa kaskazini na katikati mwa Uingereza, watoto wa miji ya viwanda kama Manchester, Stoke na Wigan, ndio waliochambua santuri za katikati ya miaka ya 1960, wakaokota zile za mwendo wa kasi ambazo hata Marekani kwenyewe hazikununuliwa, wakazicheza usiku kucha. Jina lilitoka kwa Dave Godin, aliyekuwa na duka la santuri London liitwalo Soul City. Aliona kwamba wateja kutoka kaskazini, waliokuja mjini kufuata timu zao za mpira, hawakuzitaka santuri mpya za fanki. Walitaka zile za zamani zenye kasi. Mwaka 1970 akaliandika jina hilo katika jarida la Blues & Soul. Kumbe jina lenyewe lilizaliwa ili kuwatenga watu hawa na fanki. Ndiyo maana ninazipenda zaidi zile santuri ambazo hazikuheshimu mpaka huo.

Tuingie jikoni. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Katika muziki wa kawaida wa Marekani, mpiga dramu hukanyaga ngoma ya mguu kwenye moja na tatu, na kupiga snea, ile ngoma ya mlio mkali, kwenye mbili na nne. Motown ya 1965 iliivuruga kanuni hiyo: snea ikapigwa kwenye mapigo yote manne. Sikiliza "I Can't Help Myself" ya Four Tops, au "Uptight" ya Stevie Wonder. Juu yake wakaongeza tari na makofi, vyote vikianguka mahali pamoja. Huu ndio mdundo ambao Wigan waliupa hadhi ya dini.

Kwa nini mkono, na si mguu? Sababu mojawapo ni redio. Nyimbo za Motown zilikusudiwa kusikika kwenye gari na kwenye redio ndogo za betri, na mafundi wa kampuni hiyo walizipima kwa spika ndogo kabla ya kuziachia. Spika ndogo humeza sauti nzito. Ngoma ya mguu ikipita humo inabaki kama kikohozi cha jirani, lakini snea na tari vinapenya bila kupungua. Ukitaka mapigo manne yamfikie msikilizaji aliye barabarani, unayapandisha juu, kwenye mlio mkali.

Kwa mchezaji mdundo huu una faida ya wazi. Watu wa Northern Soul walivaa viatu vya soli ya ngozi, wakamwaga poda sakafuni, wakateleza pembeni kulia na kushoto, wakazunguka, wakajitupa chini kwa mikono na kuinuka. Snea inayopiga kila hatua inakuambia mguu uko wapi hata ukiwa umefumba macho. Bendi inaponyamaza kidogo kabla ya kiitikio, hapo ndipo unapozunguka.

Ila snea ya kila pigo ina gharama, na wapenzi wa mtindo huu hawapendi kuisema. Inajaza nafasi yote ya katikati ya sauti. Fidla zikitaka kusikika lazima zipige kelele; tarumbeta vivyo hivyo; mwimbaji naye hana budi kupaza. Kwa dakika mbili na nusu fujo hiyo ni raha tupu. Kwa dakika sita sikio linachoka. Wimbo wa aina hii haurefuki.

Aliyeupata ufumbuzi kwa ukamilifu ni mpiga dramu wa Philadelphia, Earl Young. Naye hakuwa mgeni upande wa pili: alikuwa katika kundi la The Volcanos, ambalo "Storm Warning" yake ya 1965 inapendwa hadi leo na watu wa Northern Soul. Mwaka 1973, katika studio ya Sigma Sound, alipiga dramu kwenye "The Love I Lost" ya Harold Melvin & the Blue Notes. Wimbo ulikuja studio ukiwa wa polepole, wa kuomboleza, ukaongezwa mwendo. Young akayashusha mapigo yote manne kwenye ngoma ya mguu. Snea akairudisha nyumbani kwake, kwenye mbili na nne. Kisha, katikati ya kila pigo na pigo, akaifungua hai-hati, yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa kanyagio, yakatoa sauti ya kufoka na kufungwa tena mara moja.

Idadi ya mapigo haikubadilika. Ni manne kama ya Four Tops. Yamehamia chini, yakaacha ukumbi mzima wa juu ukiwa wazi. Ronnie Baker sasa anaweza kutembeza gitaa la besi kama mtu asiye na haraka, Norman Harris anatia gitaa lake kwenye mianya, vibrafoni ya Vince Montana inameremeta bila kusukumwa na mtu, na Teddy Pendergrass analia juu ya yote kwa sauti nzito ya kanisani. Hakuna anayegombania nafasi. Na kwa kuwa mguu hauchoshi sikio kama mkono, wimbo ukavuka dakika sita. Kwenye santuri ndogo ulilazimika kukatwa vipande viwili, upande wa kwanza na upande wa pili.

Msikilizaji wa rumba hapa ameshaelewa. Ni mpangilio uleule wa santuri zetu za zamani: maneno upande mmoja, ukigeuza unakuta sebene. Tofauti ni kwamba Philadelphia upande wa pili haupandishi mwendo. Unabaki palepale, wanamuziki wakizidi kuchangamka, huku Pendergrass akiacha mashairi na kuanza kuhubiri.

Wilson alikuwa ametangulia kwa mwaka mmoja, kwa njia yenye ukwaruzo zaidi. Katika albamu ya Kendricks iitwayo "People... Hold On" alitumia Young Senators, bendi ya Washington iliyozoea kupiga jukwaani mbele ya wachezaji. Ngoma ya mguu ipo, ila karibu yake kuna gitaa na besi vyenye vionjo vya fanki. Kilichowashika madijei wa New York ni kile kipande cha katikati: vyombo vinaondoka, dramu inabaki karibu peke yake, kisha kimoja kimoja vinarudi na joto linapanda upya. Wilson alieleza baadaye kwamba hakubuni chochote; kanisani alikokulia jambo hilo ni la kawaida. Baada ya kuondoka Motown akawa mchungaji, na ukiusikiliza wimbo ukijua hivyo hushangai. Binafsi nauweka juu ya "The Love I Lost". Ule wa Philadelphia umenyooshwa mno. Huu una jasho.

Na fanki? Hapa kazi inakuwa ngumu zaidi, maana fanki haitaki mapigo manne sawasawa. Tangu James Brown alipotoa "Cold Sweat" mwaka 1967, kanuni ni kwamba wote mnakutana kwenye pigo la kwanza, kisha kila mmoja anajaza mahali mwenzake alipoacha. Raha yake imo katika mianya. Kwa mchezaji anayeteleza juu ya poda akitegemea snea imshike mkono, mwanya ni shimo.

Ndiyo maana "It Really Hurts Me Girl" ya The Carstairs ni kazi ya ustadi wa kipekee. Ilitoka 1973 kwenye lebo ndogo ya Red Coach. Dramu na besi zinarukaruka, pigo linavunjwa na kuungwa, hakuna ule mpondo wa moja kwa moja. Lakini mwimbaji anasihi kwa namna ya 1966, na waitikiaji nyuma yake ni wa mtindo huohuo. Sikio la Northern Soul linashika sauti na kusamehe dramu. Miguu inagundua baadaye kwamba imekwisha kufundishwa mwendo mpya. Dijei Ian Levine alipoanza kuipiga katika ukumbi wa Highland Room, Blackpool Mecca, pamoja na mwenzake Colin Curtis, mlango ulifunguka. Nyuma yake ikaja "The Bottle" ya Gil Scott-Heron na Brian Jackson, ya 1974: filimbi, kinanda cha umeme, na habari za walevi wanaopanga foleni nje ya duka la pombe. Fikiria ukumbi wa watu wasiotaka chochote cha baada ya 1968 wakiucheza huo.

Si wote walioucheza kwa hiari. Klabu ya Wigan Casino, iliyofunguliwa Septemba 1973, ilishikilia mkono wa 1965 kwa nguvu zote. Mecca ilifunga saa nane usiku, na wengi walitoka hapo wakaendesha gari hadi Wigan kumalizia usiku. Kwa hiyo mgogoro ulikuwa ndani ya watu walewale, ndani ya usiku uleule. Walioudhika walibeba mabango ya kumtaka Levine aondoke.

Kuna sehemu ya ugomvi huo ambayo kwa maoni yangu ilikuwa ya plastiki tu. Sauti nzito huilazimisha sindano kuyumba sana, hivyo mfuo wa santuri unakuwa mpana na kula nafasi. Kwenye inchi saba unachagua: besi, sauti kubwa, au urefu. Huwezi kupata vyote. Katikati ya miaka ya 1970, mchanganyaji wa nyimbo za disko Tom Moulton wa New York alikwenda kukatiwa nakala ya "I'll Be Holding On" ya Al Downing, fundi José Rodriguez akawa ameishiwa sahani tupu za inchi saba. Akatumia ya inchi kumi, na ili isionekane kituko akaupanua mfuo ujaze sahani nzima. Sauti iliyotoka iliwatisha wote wawili. Kutoka hapo wakaenda inchi kumi na mbili, na mwaka 1976 lebo ya Salsoul ikaiuza madukani "Ten Percent" ya Double Exposure, yenye urefu wa zaidi ya dakika tisa baada ya kupitia mikononi mwa dijei Walter Gibbons. Kwenye dramu yuko Earl Young. Mguu wake hatimaye ulipata sahani ya kuutosha. Wigan waliendelea kuabudu inchi saba, na sahani ya inchi saba, kwa umbile lake, inampendelea mwenye snea.

Levine mwenyewe alijaribu kuvichanganya kwa makusudi. Mwaka 1975 alitayarisha "Reaching for the Best" ya The Exciters: mpondo wa zamani chini, fidla za disko juu. Iliingia chati za Uingereza, lakini naiona imebanwa. Kila kitu kinasukumana, kosa lilelile ambalo Young alikuwa amekwisha kulitatua. Ilimchukua Levine miaka tisa zaidi. Mwaka 1984, akiwa amehamia London na kupiga santuri katika klabu ya Heaven, alitoa "High Energy" ya Evelyn Thomas, ikafika nafasi ya tano Uingereza. Kasi ya Wigan imo, na mwimbaji anapaza sauti kama walivyopaza wa 1965. Besi inarukaruka kutoka noti ya chini hadi ya juu ikijaza ile mianya ya fanki kwa hesabu kamili. Mapigo manne yako chini kwenye ngoma ya mguu, na anayeyapiga ni mashine.