Kumbukumbu Iliyokuja Baadaye Ikawa Bora: Spectrum ya 16K Ilivyofika 48K

Tukisikia kwamba kompyuta ya zamani imeongezwa kumbukumbu, wengi wetu tunafikiria ndoo: ilikuwa ya lita kumi, sasa ni ya lita thelathini, na maji ni yale yale. Kwa ZX Spectrum picha hiyo inapotosha. Kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge ilipoizindua tarehe 23 Aprili 1982, ilileta mashine mbili zisizotofautishika kwa macho. Moja ilikuwa na RAM ya kilobaiti 16 kwa pauni 125, nyingine kilobaiti 48 kwa pauni 175, na aliyeanza na ile ndogo aliweza kuongezewa zile 32 zilizobaki ndani ya kasha lile lile. Ninachodai hapa ni kwamba kilobaiti hizo 32 hazikuwa mwendelezo wa zile 16. Zilikuwa kumbukumbu ya aina nyingine, zilipita njia nyingine, na kwa vipimo karibu vyote zilikuwa bora kuliko zile mashine iliyozaliwa nazo. Ubora huo ulikuja kwa sababu mbunifu alizitenga na za mwanzo, na alizitenga tangu siku bodi ilipochorwa.

Tuanze na anwani, kwa kuwa ndizo zinazoamua nini kinawezekana. Kichakataji cha Z80 kina nyaya 16 za anwani, kwa hiyo kinaweza kutaja sehemu 65,536 tu, basi. Kwenye Spectrum, sehemu 16,384 za mwanzo zimekaliwa na ROM, ambamo mna BASIC iliyoandikwa na Steve Vickers. RAM ya kwanza inaanzia 16384 na kuishia 32767. Kuanzia 32768 hadi 65535, mnunuzi wa mashine ndogo alikuwa na kiwanja kitupu chenye hati lakini bila nyumba. Sasa angalia zile 16 zilivyoliwa hata kabla mwenyewe hajaandika mstari mmoja. Picha ya skrini inachukua baiti 6,912, yaani 6,144 za nukta na 768 za rangi. Baada yake kuna hifadhi ya printa na kumbukumbu za mfumo wenyewe, na programu ya BASIC inaanzia 23755. Juu kabisa baiti 168 zimetengewa herufi za kujichorea. Ukitoa vyote hivyo, mwenye 16K anabaki na takriban baiti 8,800, na mwenye 48K takriban 41,600. Tangazo lilisema kumbukumbu imezidi mara tatu, ilhali uwanja wa kufanyia kazi ulizidi karibu mara tano, kwa sababu gharama za skrini na mfumo zilikwisha kulipwa na zile 16 za kwanza. Madukani jambo hili lilionekana bila mahesabu: Jetpac, mchezo wa mwaka 1983, ilitosha kwenye 16K, lakini Manic Miner ya mwaka huo huo, yenye mapango 20, ilidai 48K.

Nafasi, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Richard Altwasser, aliyebuni saketi, alikuwa na tatizo ambalo kila kompyuta ya bei nafuu ya wakati ule ilikuwa nalo: kumbukumbu moja, wateja wawili. Kichakataji kinaitaka ili kifanye kazi. Chipu ya ULA, iliyotengenezwa na Ferranti, nayo inaitaka ili ichore picha kwenye televisheni, na televisheni haisubiri mtu. Suluhisho lilikuwa kumpa ULA haki ya kwanza: kichakataji kikigusa zile kilobaiti 16 za chini wakati picha inachorwa, ULA inasimamisha saa ya kichakataji kwa hadi mizunguko sita, kisha inakiachia. Fremu ina mistari 312, na 192 ndiyo yenye picha. Katika kila mstari wenye picha, msongamano hutokea kwenye mizunguko 128 kati ya 224. Piga hesabu utapata kwamba kwa takriban asilimia 35 ya muda, kumbukumbu ya chini ni barabara yenye foleni. Ile ya juu haina foleni hata kidogo. Kwenye bodi, kati ya upande wa ULA na RAM yake, na upande wa kichakataji, ROM na RAM ya juu, zimepangwa rezista kwenye nyaya za data na za anwani. Rezista hizo zinafanya kazi ya mlango wa kusukuma kati ya jiko na sebule: vyumba viwili vikitaka kuzungumza vinazungumza, na kila kimoja kikiwa na shughuli yake hakimsikii mwenzake. Hivyo kichakataji kinaweza kusoma anwani 40000 sekunde ile ile ULA inapovuta rangi za mstari kutoka 22528, na hakuna anayemngoja mwenzake. Waandishi wa michezo waligundua hili mapema, na sehemu za programu zilizohitaji mwendo wakazipeleka juu ya 32768. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hata zile 16 za chini zilipata nafuu, maana msimbo uliokuwa umejibana humo ulihamia kwingine.

Chipu zenyewe nazo zinathibitisha utengano huo. Zile 16 za chini ni chipu nane za aina ya 4116, kila moja ikibeba biti moja ya kila baiti. Chipu hizo zinadai umeme wa aina tatu, yaani volti +5, +12 na −5, na ile −5 ikipotea huku nyingine zipo, hazichukui muda kuungua. Ndiyo maana fundi anayeijua Spectrum hupima −5 kabla ya kitu kingine chochote. Kama nyongeza ingefanywa kwa chipu za aina ile ile, zingehitajika 16, zote zikining'inia kwenye umeme huo wa kudeka. Badala yake zilitumika chipu nane tu zinazoridhika na volti +5 peke yake. Na hapa ndipo pana hila iliyozua maneno mengi: chipu hizo, kama TMS4532 za Texas Instruments au MSM3732 za OKI, zilizaliwa kuwa za kilobiti 64, zikakutwa na hitilafu katika nusu moja, zikauzwa kwa bei ya chini kama za kilobiti 32.

Je, huo si udanganyifu, kumwuzia mtu chipu mbovu? Pingamizi hili lina uzito kwa anayelisikia mara ya kwanza, lakini halisimami ukiangalia zilivyofungwa. Fundi cherehani anayenunua kitambaa chenye doa upande mmoja, akakata vazi upande safi, hamwibii mteja wake, mradi doa halimo kwenye vazi. Mwishoni mwa jina la chipu ya TMS4532 kuna 3 au 4, kueleza ni nusu ipi iliyo nzima, na kwenye bodi kuna waya mfupi unaolehemiwa upande mmoja au mwingine ili mstari mmoja wa anwani ubaki pale pale daima. Nusu mbovu haitajwi kamwe, kwa hiyo kwa kichakataji ni sawa na kitu kisichokuwapo. Sharti ni moja: zote nane ziwe za nusu moja. Ukichanganya, chipu moja ya 4 katikati ya saba za 3, basi biti moja ya kila baiti inasomwa kutoka upande wa doa. Kosa kama hilo ni la fundi aliyechanganya, si la aliyeuza.

Kazi yenyewe ya kuongeza, kwenye bodi za toleo la pili na kuendelea, ilikuwa ya saa moja kwa mkono uliotulia. Bodi ya 16K ilitoka kiwandani na soketi 12 zikiwa wazi: nane za kumbukumbu, nne za mantiki ya kuchagua anwani, yaani 74LS157 mbili, 74LS32 moja na 74LS00 moja. (Toleo la kwanza lilikuwa na mpango mwingine, wa bodi ndogo ya kuchomeka juu ya bodi kuu.) Unafungua skrubu za chini, unainua kibodi polepole kwa sababu tepe zake mbili za plastiki hukatika kwa urahisi, hasa zikishazeeka, unapanga miguu ya chipu ikae wima, unahakikisha pengo la kichwani linatazama upande uliochorwa, unasukuma, unaweka ule waya. Hakuna ROM ya kubadilisha wala kitu cha kuiambia mashine. Ikiwashwa, ROM inaandika namba 2 katika kila sehemu kuanzia 65535 ikishuka hadi 16384. Kisha inapanda kutoka chini: inapunguza moja, matokeo hayatakiwi kuwa sifuri, inapunguza tena moja, sasa lazima yawe sifuri. Penye kiwanja kitupu namba haikai, jaribio linakwama, na hapo ndipo mashine inahesabu kuwa mwisho wa RAM. Mwenyewe akitaka kuhakikisha anaandika PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733. Jibu 65535 lina maana kazi imekwenda sawa. 32767, chipu hazionekani. Namba iliyo katikati, kuna chipu mgonjwa au nusu zimechanganywa.

Kuna atakayeuliza kwa nini mtu afungue mashine, wakati kifurushi cha 32K cha kuchomeka nyuma kiliuzwa pia. Nakubali kwamba kwa umeme kifurushi hicho kilifanya kazi ile ile, kwani nacho kilijibu anwani zilizo juu ya 32767 na hakikuguswa na foleni ya ULA. Tatizo lake lilikuwa la mwili. Wenye ZX81, iliyotoka 1981 na kilobaiti moja tu, walilijua vizuri: kifurushi cha 16K kilishikwa na ulimi wa bodi peke yake, ukibonyeza kibodi kwa nguvu kinatikisika, mguso unakatika kwa sehemu ya sekunde, na kazi ya jioni nzima imekwenda. Chipu iliyokaa ndani ya soketi haitikisiki. Pingamizi zito zaidi, nadhani, ni la bei. Kama kila kitu kilikwisha kuandaliwa, kwa nini kuuza 16K kabisa? Mwaka 1983 mashine hizo mbili zilipunguzwa hadi pauni 99.95 na 129.95, na kwa tofauti ya pauni 30 ile ndogo haikuwa na wa kuitetea. Ila mwaka mmoja kabla, pauni 50 juu ya 125 zilikuwa kikwazo cha kweli kwa familia, na soketi tupu ziliwaruhusu kuanza na walichonacho.

Ubora wa mpango ule unaonekana zaidi pale ulipoachwa. Spectrum 128, iliyotoka kwanza Hispania 1985 na kufika Uingereza mwanzo wa 1986, haikuwa na anwani mpya za kugawa. Ikabidi kumbukumbu ikatwe vipande vinane vya kilobaiti 16, kimoja kimoja kikionekana kwa zamu kuanzia 49152, kwa namba inayoandikwa kwenye mlango 32765. Hapo foleni haikufuata tena mpaka wa juu na chini: vipande 1, 3, 5 na 7 vinasimamishwa na ULA, 0, 2, 4 na 6 viko huru, na mwandishi wa programu lazima akumbuke kila wakati amefungua kipi. Kwenye 48K swali hilo halikuwapo. Leo chipu za nusu ni adimu, na mafundi wanaofufua mashine hizi huweka 4164, ambazo ni nzima pande zote mbili. Ule waya mfupi bado unatakiwa uwe umelehemiwa, ila sasa upande wowote unafaa.