Viwanja Mia Moja

Mgonjwa aliyejaa wadudu wa malaria hampi kazi mtu wa maabara. Akiinamia hadubini tu, hao hapo. Kazi ni kusema hawapo.

Inaanzia kidoleni. Matone mawili kwenye kioo kimoja. La kwanza huzungushwa likawa zito, likaachwa likauke lenyewe, ili baadaye maji ya rangi yapasue chembe nyekundu na kuviacha vimelea wazi. La pili hutandazwa kwa ukingo wa kioo kingine hadi liwe jembamba, likagandishwa kwa methanoli; humo chembe hubaki nzima, na aina ya kimelea hujulikana. Halafu Giemsa, rangi yenye jina la mkemia wa Hamburg. Maji ya kuichanganyia hupimwa uchachu, pH 7.2. Fundi mzuri hasahau hilo hata foleni ikifika getini.

Tone la mafuta, lenzi ya 100. Kimelea kichanga ni pete nyembamba ya buluu yenye kito chekundu, na chembe sahani au punje ya rangi iliyoganda huweza kujifanya pete hiyo hiyo. Homa ikiwa changa, pete ni chache mno. Ndiyo maana kanuni inadai viwanja 100 vya tone zito, yaani maduara yanayoonekana kwenye lenzi, vipitiwe kimoja kimoja kabla ya kuandika kwamba hakuna kilichoonekana. Mtu aliyekesha zamu anafika cha arobaini, macho yanauma, na hakuna anayemwona akiacha. Asipoacha, huo kwangu ni uadilifu.

Kipimo cha haraka nakiheshimu. Kimeokoa watu kusikofika umeme. Lakini kinachonasa ni protini ya kimelea, ambayo huweza kubaki damuni wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Hakihesabu. Hadubini huhesabu vimelea kwa kila chembe nyeupe 200, na kesho daktari akajua kama dawa inafanya kazi.

Niliwahi kupewa majibu kabla benchi halijapata joto: “wadudu wawili.” Nilimeza dawa, lakini mpaka leo siamini kwamba kioo changu kilitazamwa.

Kwa hiyo ukiambiwa usubiri majibu ya damu, ndugu yangu, usigonge dirisha la maabara. Huenda aliye ndani yuko kiwanja cha sabini.