"Waya wa Ardhi" na "Waya wa Ardhini"

Katika maelekezo wanayopewa wananchi wanaotaka umeme uingizwe nyumbani kwa kupitishwa chini ya ardhi badala ya kuvutwa kutoka nguzoni, ipo jozi ya istilahi ambayo yafaa tuitazame upya. Waya unaofukiwa mtaroni kutoka njia kuu ya umeme hadi kwenye mita huitwa "waya wa ardhini". Waya wa kinga, ule unaoshikizwa kwenye fimbo ya chuma iliyopigwa udongoni, huitwa "waya wa ardhi". Kinachozitenga istilahi hizi ni silabi moja tu, ambayo mpiga chapa huiruka na msemaji huimeza.

Kisarufi hapana kosa. Kosa liko katika kazi ya nyaya zenyewe. Wa kwanza hubeba umeme usiku na mchana. Wa pili haubebi mkondo wa kazi, bali husubiri hitilafu itokee. Mtu akisoma kwenye ramani ya kiwanja kwamba "waya wa ardhi" umepita kando ya ua, naye ana ujuzi kidogo wa umeme, atapiga sururu bila wasiwasi. Tena kebo nyingi za kufukiwa zina gamba la nyuzi za chuma, na gamba hilo nalo huunganishwa na ardhi. Basi mfasiri hujikuta akieleza waya wa ardhi ulio ndani ya waya wa ardhini!

Twapendekeza "kebo ya kufukiwa" kwa ule wa kwanza, na "waya wa kinga" kwa wa pili. Mafundi wamekwisha kujiokoa kwa kusema "ethi", neno ambalo sisi wa maofisini hulikunjia uso. Lakini halijawahi kumchanganya fundi yeyote na kebo iliyo mtaroni, na hiyo si sifa ndogo.

Neno "urefu" nalo lina hila. "Mtaro wenye urefu wa milimita 600" ni mrefu kwenda mbele au kwenda chini? Tuandike "kina", tena tuseme kinapimwa kutoka wapi. Kanuni ya umeme ya Marekani, kwa mfano, kwa kawaida hutaka inchi 24 kwa kebo iliyofukiwa moja kwa moja udongoni, na inchi 18 kwa nyaya zilizo ndani ya bomba la plastiki. Kipimo hicho ni kutoka uso wa ardhi hadi mgongo wa kebo au bomba, wala si hadi sakafu ya mtaro. Neno la Kiingereza linalotumika hapo ni lile la kufunika. Mfasiri anayefuata neno akaacha maana ataandika "kifuniko cha inchi 24", na mwenye nyumba atakwenda dukani kukiulizia.

"Mtaro" wenyewe tuuache, ijapokuwa wengine hukumbuka maji ya mvua. "Handaki" lina harufu ya vita, na "mfereji" kwa wengi ni maji ya bomba.