Ukumbi wa Heshima wa Soka Usiishie Kariakoo

Ukizuka mjadala wa nani kati ya wanasoka wetu wastaafu anastahili ukumbi wa heshima, majina ya kwanza kutajwa hutoka Msimbazi na Jangwani, yaani Simba na Yanga. Si kosa kuyataja. Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu siku Simba ilipoichapa Yanga 6-0 mwaka 1977, na Sunday Manara alikwenda kucheza Uholanzi wakati ambapo kwa kijana wa Kitanzania jambo hilo lilikuwa halijazoeleka hata kidogo. Kasoro iko kwenye utaratibu. Tunaanza na klabu, kisha ndani ya klabu tunamtafuta mtu. Kwa utaratibu huo, ukanda mzima unaoanzia Mkwaja, ukapita Pangani hadi Tanga mjini, unabaki nje kabla hata kura ya kwanza haijapigwa. Hoja yangu ni kwamba tuanze na mechi: tuziorodheshe mechi na misimu iliyokuwa mizito kuliko mingine, halafu ndipo tuulize nani aliibeba timu yake siku hiyo. Tukifanya hivyo, orodha itabadilika, na itakuwa ya haki zaidi.

Tuchukue mfano ambao haubishaniwi. Mwaka 1979 Taifa Stars iliifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, ikaenda Ndola ikihitaji sare tu ili ifuzu fainali za Afrika. Zambia ikatangulia kufunga, na Peter Tino akasawazisha mchezo ukielekea ukingoni. Kwa hesabu ya kawaida hilo ni bao moja, sawa na bao la nne katika ushindi wa 4-0 dhidi ya timu inayoshuka daraja. Lakini fainali za Lagos mwaka 1980 zilikuwa na timu nane tu, si ishirini na nne kama za sasa, na Tanzania haikurudi kwenye fainali hizo hadi mwaka 2019. Kule Lagos tulifungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga dhidi ya Nigeria. Mawili mengine yote yalikuwa ya Thuweni Ally. Kwa miaka thelathini na tisa hakuna Mtanzania aliyeongeza hata bao moja juu ya hayo matatu. Anayepima kwa jumla ya mabao ya maisha atampita Thuweni bila kusimama. Anayepima kwa uzito wa mechi atamweka mstari wa mbele, na mimi niko upande huo.

Sasa tuje Tanga. Mwaka 1988 Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na mwaka huohuo African Sports, Wana Kimanumanu, wakatwaa Ligi ya Muungano iliyozikutanisha klabu za Bara na Visiwani. Mji mmoja, mataji mawili makubwa, msimu mmoja. Tangu ligi ya Bara ianze mwaka 1965, taji lake lilikuwa limetoka nje ya Dar es Salaam mara mbili tu kabla ya hapo: Mseto ya Morogoro mwaka 1975 na Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986. Mtu anayejua historia hii hawezi kuuliza kama kikosi kile cha Tanga kina watu wa kuingia ukumbini. Swali ni wangapi, na tutawatambuaje mmoja mmoja.

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo, na tusiukwepe. Mwaka 1988 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Vya kwanza vilikuja mwaka 1994. Mtu wa Mkwaja aliifuata ligi kwa redio, na sauti ya redio haikuacha picha ya kurudia. Kilichobaki ni magazeti, picha za vikosi na kumbukumbu za watu. Wapo wanaosema kwamba kwa ushahidi mwembamba namna hiyo ni afadhali tuwapime wale tu wenye takwimu kamili. Siwaungi mkono. Wamarekani walikutana na tatizo hilihili katika besiboli. Ukumbi wao wa Cooperstown, uliochagua watu wake wa kwanza mwaka 1936, ulikuwa na sheria nzuri: mchezaji asubiri miaka mitano baada ya kustaafu, kisha apate asilimia 75 ya kura za waandishi. Sheria hiyo haikuwafaa wachezaji weusi waliozuiwa kucheza ligi kubwa, kwa sababu ligi zao hazikuwa na kumbukumbu zilizotunzwa vizuri. Suluhisho halikuwa kuwaacha. Mwaka 1971 iliundwa kamati maalumu iliyoanza na Satchel Paige. Baadaye watafiti wakapekua magazeti ya zamani, wakajenga upya takwimu mechi kwa mechi, na mwaka 2006 kamati nyingine ikawachagua watu 17 kwa mpigo.

Kazi hiyo inawezekana Tanga. Taarifa fupi ya mechi gazetini, hata yenye aya mbili tu, hutoa matokeo, wafungaji, mara nyingi dakika, na pengine jina la kipa aliyeokoa penalti. Magazeti mawili yakipingana juu ya mfungaji, linatafutwa la tatu, au ripoti ya mwamuzi kama bado ipo kwenye majalada. Kumbukumbu za mzee aliyekuwa jukwaani katika uwanja wa Mkwakwani, Tanga, zije baada ya hapo, zikiongozwa na tarehe, wala zisitangulie. Beki na kiungo mkabaji, ambao mabao hayawasemei, watajulikana kwa idadi ya mechi walizoanza katika msimu wa ubingwa na kwa mabao ambayo timu iliruhusu walipokuwepo na walipokosekana. Ni hesabu ya kuchosha, lakini haihitaji mtambo wowote; inahitaji daftari na uvumilivu.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema kwamba wachezaji bora wa mikoani waliishia Simba na Yanga, kwa hiyo kuwachagua wa Kariakoo ni kuichagua nchi nzima. Lina ukweli wake, ila linamsahau aliyebaki. Mchezaji aliyebaki Tanga akawafunga wakubwa hao hadi akawavua ubingwa hawezi kuwa na sifa pungufu kuliko aliyehama. Wengine watasema msimu mmoja hautoshi kumfanya mtu gwiji. Nakubali, na ndiyo maana sidai kikosi kizima kiingie. Nadai kila mmoja wao afunguliwe jalada, kisha kura ipigwe kwa asilimia 75 ileile.

Hata Cooperstown ilikosea: Buck O'Neil, mchezaji wa zamani wa ligi hizo za weusi, aliachwa mwaka 2006, akafariki mwaka huohuo, na akachaguliwa mwaka 2021 akiwa kaburini miaka kumi na mitano. Wachezaji wa 1988 sasa ni watu wazima wa miaka hamsini na kitu kwenda sitini na zaidi. Familia zenye magazeti ya miaka ile, picha za vikosi au barua za usajili, kuanzia Mkwaja hadi Korogwe, zisizitupe. Zizipeleke kwenye klabu zao zikanakiliwe mapema, wakati wachezaji wenyewe wangali hai kuzithibitisha.