Kuwaandikia Wateja Siku Mambo Yanapoharibika

Biashara ikinawiri, yeyote anaweza kuwaandikia wateja. Picha za bidhaa mpya, salamu za Idi na Krismasi, punguzo la bei mwisho wa mwezi: hayo msomaji huyapitia akiwa kituoni, akisubiri daladala. Ufundi hujulikana pale mzigo unapokwama bandarini, shilingi inapoporomoka, au ugonjwa unapofunga mipaka. Hapo mwenye biashara hujiuliza kama analo neno la maana la kumwambia mtu ambaye mwezi huu hana uwezo wa kununua chochote. Mimi naamini lipo, na nawaheshimu sana wanaolitafuta mpaka wakalipata.

Warren Buffett wa kampuni ya uwekezaji ya Berkshire Hathaway aliutumikia ufundi huu kwa miongo mingi, kwa barua za kila mwaka kwa wenye hisa. Mwaka 1998 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji ilitoa mwongozo wa kuandika kwa lugha nyepesi, na katika dibaji yake Buffett alieleza alivyokuwa akifanya: aliandika kana kwamba anazungumza na dada zake, Doris na Bertie. Walikuwa watu werevu, ila si wahasibu. Aliwapa habari ambazo yeye mwenyewe angetaka kupewa lau wao ndio wangekuwa wanaendesha kampuni.

Kanuni hiyo ni rahisi kuifuata mwaka wa faida. Barua yake kuhusu mwaka 2008 ilitoka Februari 2009, mabenki makubwa ya Marekani yakiwa yanayumba na watu wakipoteza nyumba. Sentensi za mwanzo kabisa zinataja hasara: mali halisi ya kampuni imepungua kwa dola bilioni 11.5, na thamani ya kila hisa vitabuni imeshuka kwa asilimia 9.6. Mbele kidogo anakiri kwamba alinunua hisa nyingi za kampuni ya mafuta ya ConocoPhillips wakati bei ya mafuta ilikuwa karibu na kilele, wala hakushauriwa na mtu. Anataja pia dola milioni 244 alizoweka kwenye benki mbili za Ireland, ambazo mwisho wa mwaka zilikuwa na thamani ya milioni 27 tu. Msomaji aliyepewa tarakimu hizo bila kuzitafuta anaweza kuuamini ukurasa unaofuata. Angeachwa azigundue mwenyewe gazetini, barua yote ingekuwa imekufa.

Kwetu Afrika Mashariki barua yenyewe huwa fupi, mara nyingi ujumbe wa simu au karatasi iliyobandikwa mlangoni, lakini kipimo ni kilekile. Wakati wa mgao wa umeme Tanzania mwishoni mwa 2023, mwenye mashine ya kusaga alihitaji mambo matatu: mtaa, siku, saa. Akiyapata, aliweza kuwaambia wateja wake walete mahindi asubuhi badala ya jioni. Tangazo lililoishia kwenye sababu zilizo nje ya uwezo wetu, kisha likaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza, lilimwacha palepale lilipomkuta. Machi 2020, korona ilipoingia Kenya, Safaricom iliwatangazia watu kwamba kutumiana hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kutakuwa bure kwa siku 90, ili noti zipungue mikononi. Ujumbe wa namna hiyo hauhitaji mapambo, maana ndani yake kuna tendo.

Nadhani siri kubwa ya ufundi huu ndiyo hiyo. Mei 2020, Brian Chesky, mkuu wa kampuni ya malazi ya Airbnb, aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba karibu 1,900 kati ya 7,500 wangeondoka. Alieleza kuwa mapato ya mwaka huo yalitarajiwa kuwa chini ya nusu ya yale ya 2019, jinsi waliopunguzwa walivyochaguliwa, malipo ya wiki 14 na nyongeza kwa kila mwaka wa kazi pamoja na bima ya afya ya mwaka mzima kwa waliokuwa Marekani, na kwamba kila mmoja angebaki na kompyuta yake. Karibu na mwisho alizungumzia upendo wake kwao. Sina shaka alikuwa anasema kweli, lakini kwangu zile wiki 14 zilikuwa zimekwisha kuusema upendo huo vizuri zaidi.

Sasa, mwenye duka dogo la pembejeo hana mabilioni ya kugawa. Ana ujuzi. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipopanda mno, la maana kwa mkulima lilikuwa namna ya kuufanya mfuko mmoja ufae. Kwamba urea iwekwe udongo ukiwa na unyevu, kisha ifukiwe, kwa sababu ikiachwa juu sehemu yake hupotelea hewani. Kwamba penye mvua haba mtama huvumilia kuliko mahindi. Muuzaji anayeandika hivyo anaweza hata kupunguza mauzo yake ya wiki hiyo, na bado ninamsihi aandike. Asijaribu tu kuuvika uuzaji vazi la huruma. Mtu mwenye dhiki hulitambua upesi.

Sehemu ngumu kuliko zote ni barua ya pili. Ya kwanza huandikwa kwa msukumo wa tukio. Ya pili huja wakati hakuna jipya na mwandishi amechoka. Kama uliahidi habari Ijumaa, andika Ijumaa: mzigo bado uko bandarini, wakala hajapata kibali, waliolipa kabla wanaweza kurudishiwa fedha zao kuanzia Jumatatu, na namba ya simu itapokelewa mpaka saa kumi na mbili jioni.