Ugeni wa Redio: Uhakiki wa Istilahi Moja kutoka Nyanda za Waso

Katika maandishi mengi juu ya utangazaji wa Afrika ya Mashariki, istilahi "redio ya kigeni" hutumika kana kwamba maana yake haihitaji kuthibitishwa. Ramani ndiyo huamua: mtambo ukiwa ng'ambo ya mpaka, sauti ni ya kigeni; ukiwa ndani, sauti ni ya nyumbani. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho ni kibovu, na kwamba ubovu wake hauonekani vizuri Nairobi wala Dar es Salaam, bali mahali kama Gotu, kwenye maporomoko ya mto Ewaso Nyiro, kando ya njia itokayo Isiolo kwenda Merti.

Lugha ya Waborana wa Gotu ni lahaja ya Kioromo. Jirani zao ni Waturkana, na baina ya hao wawili Kiswahili ndicho daraja. Lakini Kiswahili hakikuingia nyanda za Waso kama kilivyoingia katika miji ya pwani. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa kwa sheria za kikoloni za mwaka 1902 na 1934. Mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Kiswahili kikaja na askari, karani na mwenye duka. Kwa mfugaji kilikuwa, kwanza kabisa, lugha ya kuulizwa kibali. Jambo hili aghalabu husahauliwa na wanaoandika juu ya kuenea kwa Kiswahili kwa lugha ya shangwe.

Jamhuri ya Somalia ilipozaliwa tarehe 1 Julai 1960, Redio Mogadishu ilikuwa imekwisha kutangaza tangu mwaka 1951. Katika miaka ya 1960 ilitangaza kwa Kisomali na, jambo lenye uzito mkubwa zaidi kwa hoja hii, kwa Kioromo pia. Huko Ethiopia ya Haile Selassie Kioromo hakikuwa na nafasi shuleni wala magazetini. Sauti kuu ya Nairobi, iliyobadilishwa jina kuwa Sauti ya Kenya mwaka 1964, ilinena hasa Kiswahili na Kiingereza. Basi redio ndogo ya betri, isiyohitaji umeme wala waya, ikamweka msikilizaji wa Waso katika hali ya ajabu: sauti ya serikali yake ilimjia kwa lugha ya kujifunza, na sauti ya serikali ya watu wengine ikamjia kwa lugha ya mama yake. Ipi kati ya hizo ilikuwa ya kigeni?

Serikali hazikusita kujibu. Tarehe 28 Juni 1963 Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, na Chifu Haji Galma Dido waliuawa kwa risasi. Kabla mwaka huo haujaisha hali ya hatari ikatangazwa katika eneo lote, na vita vikaendelea hadi 1967. Katika Azimio la Kinshasa la Septemba 1967, Kenya na Somalia ziliahidiana kuacha propaganda ya uhasama kwa njia ya redio na magazeti; mwezi uliofuata, mbele ya Rais Kaunda, zikapatana huko Arusha. Ahadi hiyo ni ushahidi mzuri wa nguvu za neno linalotangazwa. Lakini imewaachia wasomi urithi mbaya: neno "propaganda" limebaki kuwa jina la fani nzima, na aliyesikiliza amehesabiwa kuwa chombo kilichojazwa. Mhakiki wa fasihi simulizi asingekubali kuisoma hadithi kwa kumtazama mtambaji peke yake. Kwa nini akubali kufanya hivyo kwa redio?

Mfano wa neno "shifta" unatosha kuonyesha yanayopotea. Katika Kiamhari neno hili lina pande mbili: ni mnyang'anyi wa njiani, na pia ni mtu aliyeasi watawala kwa kudai haki yake. Kassa Hailu alikuwa shifta kabla ya kuvikwa taji kama Tewodros wa Pili mwaka 1855. Katika Kiswahili cha matangazo na cha hotuba za serikali upande wa pili ulikatwa, ukabaki mnyang'anyi peke yake. Mogadishu nayo iliwaita watu wale wale wapigania uhuru, ikakata upande wa kwanza. Waborana wa Waso hawakulichukua jina la upande wowote. Miaka ile wanaiita gaafa dhaabaa, wakati wa kusimamishwa. Jina hilo halimtaji adui wala shujaa. Linataja kilichowapata: mifugo kuzuiwa isiende malishoni na watu kukusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, kama Garba Tulla na Merti, mpaka ngamia na ng'ombe wakaisha. Msikilizaji aliyepewa majina mawili na redio mbili, akayaacha yote mawili na kutunga la tatu, si chombo kilichojazwa. Ni mhakiki.

Tena yafaa kukumbuka kwamba katika desturi ya wafugaji wa eneo hili habari, oduu kwa Kioromo, haisomwi bali huulizwa. Mgeni husalimiwa, kisha huulizwa juu ya mvua, malisho, amani na maradhi, naye akijibu huulizwa zaidi. Redio haiulizwi. Hilo peke yake ni upungufu mkubwa wa kifani ambao mhakiki hana budi kuupima.

Hapa wataalamu wa Kiswahili wanastahili lawama kidogo. Redio Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, kwa sauti ya Mzanzibari Ahmed Rashad Ali, wakoloni waliiita propaganda. Wazalendo waliiita sauti yao. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, miezi michache tu baada ya mgogoro wa Suez, na Deutsche Welle ikafuata mwaka 1963. Wanaisimu wamezisifu idhaa hizo kwa kuikuza lugha, na hakuna anayemtilia shaka uzalendo mzee wa Lamu au Tanga aliyetega sikio Cairo. Mzee wa Gotu aliyetega sikio Mogadishu amenyimwa heshima hiyo hiyo. Tofauti yao ni lugha tu: mmoja alisikiliza Kiswahili.

Hata hivyo itakuwa kosa kuitukuza Mogadishu. Redio ile haikukitangaza Kioromo kwa mapenzi ya Kioromo. Katika miaka ya 1970, serikali ya Siad Barre iliwaita Waoromo wa kusini mwa Ethiopia "Wasomali Abo", na mwaka 1976 kikaundwa chama cha ukombozi kwa jina hilo. Maana yake ni kwamba msikilizaji alisemeshwa kwa lugha yake ili aambiwe kuwa yeye si yeye. Kwa hiyo lugha ya mama haitoshi kuifanya redio kuwa ya nyumbani, kama vile mpaka usivyotosha kuifanya ya kigeni. Kipimo kilicho karibu zaidi na haki ni hiki: redio ni ya kigeni pale inapomwita msikilizaji, na mambo yaliyompata, kwa majina asiyoyatumia mwenyewe.

Kwa kipimo hicho hali ya leo si nyepesi. Idhaa ya Mashariki ya KBC hutangaza kwa Kiborana, na tangu Septemba 2017 BBC ina huduma ya Kioromo ambayo msamiati wake wa siasa umefuata zaidi matumizi ya Ethiopia. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, iliyokabidhiwa Mei 2013, ilikusanya masimulizi mengi ya mateso ya kaskazini. Miaka ile imeitwa humo vita vya shifta.